Mwaka Niliohesabu Damu ya Majirani

Bi Zuhura alifariki mwezi uliopita, nami nikapata habari siku ya tatu, waombolezaji wengi wakiwa wameshatawanyika. Binti yake alinipigia simu, akaniomba radhi, akasema namba yangu waliikuta kwenye kikaratasi chini ya mto wa marehemu. Nikaenda Mbagala, nikakaa mkekani na wanawake nisiowajua, nikanywa kahawa yao. Mmoja wao, mzee kama mimi, alinitazama kwa muda, kisha akamnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye yule wa damu." Hakusema kwa ubaya. Ni jina lililobaki tu, kama yanavyobaki majina ya maduka yaliyokwisha kufungwa. Nikarudi kwangu jioni ile, na tangu hapo mwaka ule mmoja haujaniachia, hasa saa za alasiri nikiwa nimekaa peke yangu na chai yangu, mwaka ambao soko la Kariakoo lilikuwa limezungushiwa mabati likijengwa upya na nguzo zake za zege zilikuwa zikichomoza juu ya mapaa yetu.

Habari za kwetu Masasi na za wazazi wangu naziacha zilipo. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha msaidizi wa maabara, na nilikuwa nimepanga chumba cha pili kushoto katika nyumba ya Bi Zuhura, Mtaa wa Sikukuu. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na uani palikuwa na bomba, jiko na choo. Chumbani nilikuwa na kitanda cha kamba, meza na kiti kimoja. Nakikumbuka kiti kile kwa sababu mwaka mzima hakuna mtu mwingine aliyekikalia. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye mabati, kwa hiyo kila mtu aliishi na mazungumzo ya wenzake. Nilijua nani ana kikohozi, nani amegombana na mkewe, na nani amepata sukari kwenye duka la ushirika. Mimi sikuwa na wa kuzungumza naye, na nadhani kwa wenzangu chumba changu kilikuwa kama kitupu. Unga uliopatikana mwaka ule ulikuwa wa njano. Nilisonga ugali wangu kidogo, nikala na dagaa, nikaosha sahani moja na sufuria moja. Lakini karibu kila jioni Bi Zuhura alinigongea mlango na sahani iliyofunikwa kwa kawa, ndani mna kipande cha muhogo wa nazi au samaki wa kukaanga, akasema, "Kula mwanangu, mtu hali peke yake akashiba." Kisha akaondoka kabla sijamaliza kushukuru.

Kazini kwangu kulikuwa mtaa wa Gerezani, nyuma ya kliniki iliyokuwa ikiwapima wanaume walioomba kazi kwenye karakana na reli. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na humo tulikuwa wawili. Mkuu wangu alikuwa Bwana Lyimo, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mkimya, aliyekuja kila siku na ndizi za kuchemsha ndani ya kopo na kuzila akiwa amekipa chumba kisogo. Mimi nilikula maandazi yangu nimekigeukia kisogo chake. Damu ilichukuliwa na muuguzi katika chumba cha mbele, kwa hiyo watu niliwajua kwa majina kwenye fomu na kwa chupa zao tu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuhesabu chembe nyeupe, zile zinazopigana na maradhi. Unavuta damu kidogo kwenye bomba jembamba la kioo, unaichanganya na dawa, unadondosha tone kwenye kioo chenye miraba, unainama kwenye darubini na kuhesabu chembe moja moja, mraba hadi mraba. Ukutani palikuwa na karatasi iliyonakiliwa kutoka kitabu cha ng'ambo. Ilisema mtu mzima mwenye afya hapungui elfu nne. Aliyepungua, namba yake niliiandika kwa wino mwekundu, na huyo hakupata kazi.

Siku moja nikaona kwenye fomu jina la Hamza Mkopi, Mtaa wa Sikukuu. Alikuwa kijana wa chumba kilichonikabili, mtu wa Lindi, hamali wa kupakia magunia, mwenye mabega kama mlango. Nikahesabu, nikapata elfu tatu na mia sita. Nikaandika kwa wino mwekundu, nikachukua chupa iliyofuata. Nasema ukweli kwamba sikuwaza lolote. Nilijiona hodari kwa sababu sikumpendelea jirani yangu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimejilaza mchana, nikamsikia ukumbini akimweleza Bi Zuhura. Alisema hii ilikuwa mara ya pili kukataliwa. Wamemwambia askari wa damu yake ni wachache, arudi baada ya miezi sita. Alisema ameacha kubeba magunia kwa kuogopa kuanguka. Halafu akasema watu wa Temeke wamerudisha posa yake, kwa kuwa habari zimewafikia kwamba damu yake inakwisha, na hawawezi kumwoza binti yao mtu wa kuzikwa. Bi Zuhura alimwambia atamtafutia maini na mchicha, na kwamba mwenye kujua umri wa mtu ni Mungu. Mimi nilikuwa nimelala chali nikiangalia mabati, nimebanwa na kikohozi, na sikuthubutu kukohoa. Hamza hakujua kuwa aliyeandika namba ile alikuwa hatua nne kutoka pale alipoketi.

Jumatatu nikamwambia Bwana Lyimo kwamba kitabu lazima kina makosa, kwa sababu ninamjua mtu mwenye elfu tatu na mia sita anayeinua gunia la chumvi kwa mkono mmoja. Aliendelea kula ndizi zake. Alipomaliza alisema kwamba kabla ya kukilaumu kitabu nijilaumu kwanza mwenyewe. Keshokutwa yake asubuhi nikakuta chupa kumi na mbili kwenye kibao, zimebandikwa herufi badala ya majina. Akaniambia nihesabu zote siku hiyohiyo, nimpe namba, nisiulize kitu. Nilihesabu mpaka shingo ikakaza. Saa tisa alichukua karatasi yangu, akazipigia mstari namba kumi, akanirudishia. Ya chini kabisa ilikuwa chini ya elfu nne, ya juu ilikaribia elfu tano, nyingine zilitawanyika katikati.

"Hizi kumi zote ni damu yangu," alisema. "Nimejichoma mara moja tu, asubuhi ya leo. Sasa niambie, niajiriwe au nifukuzwe?"

Niliitazama karatasi yangu. Nilidhani ananionyesha kuwa mimi ni mzembe, mpaka akafungua droo na kunipa karatasi yake mwenyewe. Naye alikuwa amezihesabu chupa zilezile kumi, na zake pia zilitawanyika, kwa upana mdogo kuliko zangu, lakini zilitawanyika. Akanieleza kwa sauti yake ya chini, polepole, kwamba damu haikai sawasawa kwenye bomba, wala chembe hazipangani kwenye miraba kama wanafunzi mstarini. Mtu awe mwangalifu kiasi gani, atapata leo hivi na kesho vile. Huo si uzembe, ndivyo kipimo kilivyo. Uzembe ni kutojua kinayumba kwa kiasi gani, halafu ukachora mstari na kumhukumu mtu aliyeukaribia. Nilimuuliza kwa nini basi miaka yote tumekuwa tukihukumu. Alifunga kopo lake, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye naye hakujiuliza. Siku ile ndiyo ya kwanza sisi wawili kutazamana tukizungumza.

Siku hizi mashine hunyonya tone moja na kutoa karatasi yenye namba na nukta, na vijana niliowafundisha miaka ya baadaye waliiamini kama mtu anavyoamini saa ya mkononi. Niliwaambia kila darasa, pimeni kitu kimoja mara kumi kabla hamjakiamini. Walikuwa wakicheka kidogo, kwa adabu. Sikuwahi kuwaeleza nilijifunza wapi, wala ni nani aliyegharimika.

Likabaki swali la pili, ambalo Bwana Lyimo alisema hawezi kulijibu kwa darubini. Hata kama hesabu zetu zingekuwa safi, elfu nne ilikuwa ya nani? Watu waliopimwa ili kitabu kile kiandikwe walikuwa ng'ambo. Wa hapa, wazima, hakuna aliyewahi kuwapima, kwa sababu mtu asiyeumwa haji maabara. Wanaotufikia ni wagonjwa na waomba kazi. Nikamwambia mimi naishi na watu wazima, nyumba nzima. Akanipa mabomba sita ya kioo, chupa ndogo ya dawa, spiriti na sindano za kuchomea vidole, akasema niwe natoka nyumbani mapema ili nizihesabu damu kabla hazijaharibika.

Bi Zuhura ndiye aliyetoa kidole cha kwanza pale nyumbani. Nilimweleza kwamba nataka kujua damu ya watu wasioumwa ikoje, akaniambia, "Choma mwanangu, mimi nimezaa saba, sindano haitanitisha." Baada yake wakafuata wapangaji, kisha fundi viatu wa barazani, muuza mkaa wa nyumba ya pili, mama wa vitumbua na wanawe wakubwa. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri kumalizika nilipita na sahani yangu ya pamba, nikavuta matone, nikafunga mabomba kwa mpira, nikatembea nayo hadi Gerezani nimeyashika wima. Wiki zile ndizo nilizokuwa na watu. Walinitania, waliniuliza damu ya nani tamu. Jioni niliandika kwenye daftari, na kurasa zikaanza kujaa. Muuza mkaa, aliyekuwa akitembea na magunia mawili mgongoni, alikuwa chini ya elfu nne, nami nilikuwa nimemhesabu mara tatu, siku tatu tofauti. Mama wa vitumbua, chini. Fundi viatu, juu kidogo, kisha chini, kisha juu. Walikuwa wazima kabisa, na kwa karatasi ile ya ukutani wengi wao wasingepata kazi hata ya kufagia karakana. Hamza sikumwomba. Nilipita mlangoni kwake haraka, kila siku.

Nilikuwa nimefikisha vidole thelathini na kimoja muuza mkaa aliposhikwa na homa, akapelekwa hospitali. Ilikuwa malaria, na alirudi baada ya siku nne. Lakini siku nne zilitosha. Kwanza nilisikia juu ya ukuta mtu akiuliza damu yote ile inapelekwa wapi. Mwingine akajibu kwamba inaingia Gerezani, na huko Gerezani hakuna aliyewahi kuiona ikitoka. Kesho yake nikasikia neno lenyewe, mumiani, wale wanyonya damu ambao wazazi wa mji ule walikuwa wakiwatumia kuwatishia watoto wao. Nilipofika bombani wanawake walisogeza ndoo zao, bila ugomvi, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo. Mama wa vitumbua akasema vimekwisha, na sinia lilikuwa limejaa mbele yake. Na Bi Zuhura akaacha kugonga. Mwezi wa Ramadhani uliingia wakati huohuo. Nilikaa kwenye kiti changu nikisikia sahani zikipangwa mkekani ukumbini, harufu ya tambi na ya maharage ya nazi ikipita juu ya ukuta, watu wakikaribishana kwa majina. Mimi si Mwislamu, wala hakuna aliyekuwa na deni la kunikaribisha. Lakini mwaka uliotangulia, nikiwa mgeni wa wiki mbili tu, waliniita. Nilimenya chungwa nikalila polepole, ili lidumu mpaka wamalize.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Kondo, fundi cherehani, mtu wa haki na wa maneno machache. Jumapili moja baada ya alasiri aliita kikao uani kwetu. Watu walikuja wengi kuliko nyumba kumi. Aliniambia, "Ndugu Editha, hapa hakuna anayekushtaki. Watu wanataka kujua damu yao imekwenda wapi." Nilikuwa nimekuja na daftari, nikaanza kueleza kuhusu chembe na kitabu cha ng'ambo, nikaona nyuso zao zikijifunga. Nilikuwa nasema maneno ya darasani. Mtu mmoja akauliza kwa nini basi nyumba nzima nimeichoma nikamwacha Hamza. Ana nini Hamza? Watu wakageuka kumtazama. Alikuwa amesimama karibu na jiko, amekonda, mikono nyuma.

Ningeweza kusema hakuwepo asubuhi zile. Nilifikiria kusema hivyo. Badala yake nikasema, "Hamza sikumchoma kwa sababu nilikwisha kuipima damu yake. Mimi ndiye niliyeandika namba iliyomnyima kazi." Nikasikia maji yakidondoka bombani. Nikaendelea kumwambia yeye, si wao, kwamba namba ile niliihesabu kwa uaminifu, ila sikujua maana yake, na niliiandika kana kwamba najua. Nikasema damu za watu wengi waliokaa pale ziko kama yake, wala hawaumwi. Hamza alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka uso, kisha akapita katikati ya watu akatoka mlango wa uani. Hapo Bi Zuhura akasimama. Alisema kidole chake alinipa mwenyewe, hakunyang'anywa, na ambaye alinipa chake aseme hivyohivyo au anyamaze. Mzee Kondo akamaliza kwa kusema kwamba uongo hajausikia hapa, ila kuanzia leo asichomwe mtu katika nyumba zake kumi bila barua ya ofisi. Watu wakaondoka. Mimi nilibaki nimeshika daftari. Nilidhani baada ya maneno yale Bi Zuhura atanigongea jioni. Hakugonga, wala jioni zilizofuata. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Nadhani alinitetea kwa sababu ilikuwa haki, na sahani ni jambo la moyo, na mioyo ya watu wa nyumba ile ilikuwa kwa Hamza. Siku tatu baadaye chumba cha Hamza kilikuwa kitupu, kitanda kimesimamishwa ukutani.

Bwana Lyimo aliposikia yaliyonipata hakunifariji. Alikunja mkono wa shati na kunipa kidole, kisha akapita ofisi hadi ofisi, karani, dereva, wauguzi, mafundi wa karakana, akiwaomba yeye mwenyewe, mtu ambaye nilikuwa sijamsikia akimwomba mtu yeyote chochote. Tukazihesabu pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, kila mmoja bila kuona karatasi ya mwenzake. Hatukuwa tukiongea sana. Ila alianza kuniachia ndizi moja kwenye kopo. Baada ya miezi miwili alipeleka kurasa zetu kwa daktari wa kliniki pamoja na barua aliyoiandika mara nne. Daktari alikaa nayo muda mrefu, akatuita, akauliza maswali magumu, kisha akakubali kuongeza mstari mmoja chini ya fomu. Ulisema asikataliwe mtu kwa hesabu hii peke yake. Kipimo kirudiwe siku mbili tofauti, na daktari amwone mwenyewe. Hivyo tu. Karatasi ya ukutani ilibaki ukutani. Waliokataliwa mwaka ule waliandikiwa barua za kuja kupimwa upya.

Barua ya Hamza ilifika Mtaa wa Sikukuu. Bi Zuhura alikuja nayo mlangoni kwangu, akasimama nje ya kizingiti. Alisema Hamza yuko Buguruni kwa mafundi wa magari, na kwamba barua hii ni mimi ninayepaswa kuipeleka. Jumamosi mchana nikaenda. Nilimkuta chini ya lori, nikaona miguu yake kwanza. Alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaisoma barua yote, akairudia kuisoma.

"Kwa hiyo nilikuwa siumwi," alisema.

"Hukuwa unaumwa."

"Miezi minane, dada. Miezi minane nimelala nikijisikiliza." Akatazama barabarani. Akaniambia, kama anayenipa habari za kawaida, kwamba yule binti wa Temeke ameshaolewa. Sikuomba radhi. Nilikuwa nimeyaandaa maneno njia nzima, lakini mbele yake yakawa madogo mno kuyatoa. Kisha akaniuliza kama mwenyewe niliwahi kujipima.

Hilo nilikuwa sijamwambia mtu, hata Bwana Lyimo. Ukurasa wa kwanza wa daftari lile ulikuwa wangu. Nilijichoma jioni ya siku ileile ya zile chupa kumi na mbili, Bwana Lyimo alipokwisha kuondoka, na nikajirudia siku mbili zilizofuata. Nikamwambia, "Elfu tatu na mia mbili."

Alinitazama, akafikiri. "Basi na wewe hufai," alisema. Hakucheka. Lakini alisogea kwenye benchi la muuza chai, nikakaa, na tukanywa chai ya rangi na mkate mkavu, yeye na mimi, bila kuongea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kula nikiwa na mtu kando yangu. Alipomaliza aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa ovaroli, akarudi chini ya lori.

Sikumwona tena. Kazini nilijizoeza kusoma majina yote kwenye fomu za asubuhi kabla sijashika bomba la kwanza. Walikuja waliokataliwa, mmoja mmoja, na wengi wao wakapata kazi. Nilisoma majina hivyo mwaka ule ukaisha, na mwingine, mpaka nilipohamishwa kutoka Gerezani. Jina lake halikuja.